Kifundo cha Kati cha Kidole cha Kati

Agosti 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, fainali ya wanaume ya kukwea kwa boulda (kuta fupi zisizo na kamba) na kwa kamba iliwapa dhahabu na fedha vijana wawili: Toby Roberts wa Uingereza, miaka 19, na Sorato Anraku wa Japani, miaka 17. Siku moja kabla yao, kwenye mbio za kukwea, Sam Watson wa Marekani, mwenye miaka 18, alipanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.74, rekodi mpya ya dunia, na bado akatoka na shaba. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 10 anayependa kukwea akitazama mashindano hayo hupiga hesabu ya haraka: imebaki miaka saba. Kocha naye hupiga hesabu hiyohiyo, na wiki inayofuata watoto wanawekwa kwenye mbao za kuning'inia kwa vidole.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoipinga. Mimi ni tabibu wa viungo, na kuhusu vijana wakwezi sina shaka na jambo moja: timu inayopanga mazoezi kwa kufuata ngazi za mashindano, bila kujali kila mtoto anarefuka kwa kasi gani, itavunja vidole vya watoto wake hodari kuliko wote. Nasema hodari kwa makusudi. Mtoto anayekuja mazoezini kwa kusukumwa na mama yake haumii kidole kirahisi. Anayeumia ni yule anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, anayerudia njia ngumu hadi ngozi inachubuka, na asiyesema kwamba anaumwa kwa sababu anaogopa kuachwa nyumbani timu ikisafiri.

Jeraha ninalolizungumzia lina mahali pake mahsusi. Ni kwenye kifundo cha kati cha kidole, upande wa juu, yaani mgongoni mwa kidole, na mara nyingi zaidi ni kidole cha kati. Linawapata wakwezi walio katika umri wa kubalehe. Halina mlio, halina kishindo, na mara nyingi mtoto hawezi kukuambia lilianza siku gani. Huo ukimya ndio unaolifanya lipuuzwe.

Tuelewe kwanza linavyotokea. Mkwezi anapokutana na ukingo mwembamba, labda wa milimita 10, hubana: ncha za vidole hukaa juu ya ukingo, kifundo cha kati hukunjwa hadi nyuzi 90 au zaidi, kifundo cha mwisho hupinda kinyume, na dole gumba hufungwa juu ya kidole cha shahada kama kufuli. Mshiko huu una nguvu sana, na watoto wanaupenda kwa sababu unawawezesha kushika vitu ambavyo watu wazima wanateleza. Lakini katika mkao huo kano za mkono zinavuta kwa pembe kali, na mzigo unaofika kwenye kifundo cha kati unazidi mara kadhaa ule unaoonekana kwenye ncha ya kidole. Kwa mtu mzima, sehemu dhaifu katika mnyororo huo ni zile pete za nyama ngumu zinazoishikilia kano isiachane na mfupa. Pete ikikatika, wengi husikia mlio, maumivu ni ya ghafla, na hakuna anayebishana kwamba ameumia.

Kwa mtoto mnyororo ni uleule lakini sehemu dhaifu ni nyingine. Kila pingili ya kidole ina gegedu la ukuaji kwenye mwisho wake ulio upande wa kiganja, na katika pingili ya katikati gegedu hilo liko palepale kwenye kifundo cha kati. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Ni laini kuliko mfupa, na ni dhaifu kuliko pete na kano zinazolizunguka. Kwa hiyo mzigo uleule unaokata pete ya mtu wa miaka 30 humpasua kijana wa miaka 14 kwenye gegedu, kidogokidogo, kwenye ukingo wa juu ambako kifundo kilichokunjwa hukandamizwa zaidi. Siku ya kwanza ni ufa usioonekana. Baada ya wiki kadhaa za kubana, kipande kidogo cha mfupa kinaweza kutengana. Kikiachwa hivyo, gegedu linaweza kufunga upande mmoja na kuendelea kukua upande mwingine, na kidole kikapinda maisha yote.

Lililo muhimu zaidi ni wakati. Wasichana hufika kilele cha kasi ya kurefuka wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakiwa na 14 hivi, na katika kipindi hicho mtoto anaweza kuongeza sentimita 8 au 9 kwa mwaka. Mfupa hurefuka kwanza, ugumu wake hufuata baadaye. Magegedu ya vidole hufunga kwa wasichana takriban kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana kati ya 16 na 18. Kwa mvulana kuna ubaya wa ziada: homoni za kubalehe humpa misuli yenye nguvu inayokaribia ya mtu mzima wakati magegedu yake bado yako wazi. Mkono unaweza kuvuta kuliko kidole kinavyoweza kuhimili. Na ndicho kipindi hichohicho ambacho makocha, wakiona nguvu mpya zimeingia, huongeza uzito.

Sasa tazama vifaa tunavyowawekea. Ubao wa Campus, ile ngazi ya vipande vya mbao inayopandwa kwa mikono mitupu, miguu ikining'inia, ulibuniwa na Mjerumani Wolfgang Güllich mwaka 1988 katika ukumbi wa mazoezi wa Nuremberg ulioitwa Campus. Alikuwa akijiandaa kwa njia zenye vitundu vya kutosha kidole kimoja au viwili katika miamba ya Frankenjura, na mwaka 1991 alikamilisha njia iliyobadili historia ya mchezo huu, Action Directe. Güllich alikuwa na miaka 30 siku hiyo. Mifupa yake ilikuwa imekwisha kukomaa zaidi ya mwongo mmoja kabla. Kifaa kilichobuniwa na mtu mzima kwa ajili ya njia zilizokuwa ngumu kupita kiasi leo kinatundikwa ukutani katika kumbi ambazo nusu ya wanachama ni wanafunzi wa shule ya msingi, na hakuna hata kibandiko cha umri.

Si kwamba hatukuonywa. Mwaka 2007 Audry Morrison na Volker Schöffl walichapisha katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo tathmini ya utafiti wote uliokuwapo kuhusu wakwezi vijana. Walisema wazi kwamba mazoezi makali ya nguvu za vidole hayafai kwa watoto, na kwamba walio chini ya miaka 16 wasishiriki mashindano ya kimataifa ya boulda. Schöffl ni daktari wa Bamberg, Ujerumani, na yeye mwenyewe ni mkwezi wa viwango vya juu. Si mtu wa kuogopa mchezo. Sehemu ya onyo lile imesikika: shirikisho la kimataifa linataka mwanamichezo awe na miaka 16 ndipo aingie Kombe la Dunia la wakubwa. Lakini mashindano ya vijana ya dunia, yaliyoanza Basel mwaka 1992 kwa kamba peke yake, yamekwisha kuingiza boulda, na chini yake kuna ngazi za kitaifa ambako watoto wa miaka 11 hushindana kwenye njia za boulda mbele ya majaji.

Marekani ndiko mfumo huu ulikokomaa zaidi, na ndiko tunakoiga. Kumbi za biashara huunda timu zao. Mzazi hulipa ada ya mwezi. Mtoto hufanya mazoezi siku tatu hadi tano kwa wiki. Msimu wa boulda ukiisha unaingia wa kamba na mbio, na kila msimu una ngazi zake kutoka mtaa hadi taifa. Mwaka unakuwa hauna mwezi wa kupumzika. Kocha hupimwa kwa idadi ya watoto aliofikisha fainali ya taifa, kwa sababu idadi hiyo ndiyo inayobandikwa mlangoni na kuvuta wanachama wapya. Simlaumu kocha mmojammoja. Wengi wao ni vijana wa miaka ishirini na kitu, wanaokwea vizuri, wanaowapenda watoto, na ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha gegedu la ukuaji ni nini. Mfumo ndio unaowalipa kwa kuharakisha.

Wanaotetea mfumo huo hunitajia Boulder, Colorado. Huko Robyn Erbesfield-Raboutou, bingwa wa Kombe la Dunia kwa misimu minne mfululizo kuanzia 1992, alianzisha ukumbi na timu ya watoto ambamo walikulia binti yake Brooke Raboutou na Colin Duffy. Wote wawili walikwea Olimpiki ya Tokyo, Duffy akiwa na miaka 17, na Brooke akaondoka Paris na fedha. Ni mafanikio ya kweli na ninayaheshimu. Lakini angalia kilichokuwapo pale: mama aliyekuwa bingwa, baba, Didier Raboutou, aliyekuwa mkwezi wa dunia naye, ukumbi uliojengwa kwa vipimo vya watoto, na miaka mingi ya kucheza ukutani kabla ya kitu kingine chochote. Anayenakili timu ile kwa kununua mbao za kuning'inia na kuongeza siku za mazoezi amenakili kilichokuwa cha mwisho na kuacha kilichokuwa cha kwanza.

Wasichana na hesabu ya miaka

Kuna jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha, nalo linawahusu zaidi wasichana. Makundi ya mashindano yamegawanywa kwa mwaka wa kuzaliwa, kila kundi likiwa na miaka miwili. Lakini watoto wawili wenye miaka 13 kwenye cheti wanaweza kupishana miaka mitatu au minne katika ukomavu wa mwili. Katika michezo mingi aliyewahi kubalehe hufaidika. Katika kukwea, kwa wasichana, mara nyingi huwa kinyume kwa muda. Binti wa miaka 11 mwenye mwili mwembamba na mikono mirefu anaruka kwenye vishikio kana kwamba hana uzito, anachukua nafasi ya kwanza mkoa mzima, na kila mtu anamwita kipaji. Kisha mwili unafanya kazi yake: anarefuka, nyonga zinapanuka, mafuta ya mwili yanaongezeka kama inavyopasa, na nguvu zinachukua mwaka mmoja au miwili kulingana tena na umbo jipya. Katika mwaka huo anashindwa na watoto ambao mwaka jana hawakumkaribia.

Hakuna aliyemwambia kwamba hali hii ni ya kupita. Anachokiona ni jina lake limeshuka kutoka la kwanza hadi la kumi na nne. Mzazi anauliza kocha kimetokea nini, kocha anasema afanye bidii. Basi anafanya moja kati ya mambo matatu: anaongeza mazoezi ya vidole katika kipindi kibaya kuliko vyote, au anaanza kupunguza chakula, au anaacha mchezo kabisa. Wengi wanafanya mawili ya kwanza kwa pamoja kabla ya kufikia la tatu. Ninapoletewa binti wa miaka 14 mwenye kifundo kilichovimba, swali langu la pili, baada ya kuuliza maumivu yako wapi, ni kama amekwisha kuvunja ungo na kama hedhi inakuja kwa mpangilio. Mama wengine hushangaa swali hilo linahusianaje na kidole.

Linahusiana moja kwa moja. Mwili usiopata chakula cha kutosha kwa kazi unayofanya huanza kubana matumizi, na huanzia kwenye mambo ambayo hayahitajiki leo: uzazi, na ujenzi wa mifupa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza hali hiyo rasmi mwaka 2014, na imeufanyia marekebisho waraka wake mwaka 2018 na 2023. Homoni zinazolinda mfupa hushuka, na zile zinazoendesha ukuaji nazo hushuka. Gegedu lile ambalo tayari limepata nyufa ndogo kwa kubana sasa linakosa vifaa vya kujikarabati. Ndiyo maana siwezi kukubali watu wanaotenganisha suala la vidole na suala la uzito kana kwamba moja ni la daktari wa mifupa na jingine ni la mwanasaikolojia. Ni jeraha moja lenye milango miwili.

Na mlango huu wa pili umefunguliwa hadi juu kabisa. Mwaka 2023 Schöffl yuleyule, pamoja na Eugen Burtscher, walijiuzulu kutoka kamati ya tiba ya shirikisho la kimataifa kwa sababu waliona shirikisho halichukui hatua za kutosha dhidi ya wanamichezo waliokonda kupindukia. Mwaka huohuo Janja Garnbret wa Slovenia, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo na baadaye wa Paris, alijitokeza hadharani kulisemea suala hilo, bila kujali kama angewaudhi wenyeji wa mashindano anayoyashinda. Shirikisho lilianza kuweka kanuni za uchunguzi wa afya mwaka 2024. Ni hatua njema, lakini inawagusa wanaofika ngazi ya kimataifa. Tabia ya kuogopa sahani hujengwa katika timu za watoto, kocha anaposema kwa kicheko kwamba fulani amekuwa mzito.

Hoja ninazosikia kila mara

Ya kwanza: watoto ni wepesi, kwa hiyo vidole vyao havibebi kitu. Wepesi wao ni kweli, na ndio unaowaruhusu kurudia mshiko mkali mara mia moja jioni moja ambapo mtu mzima angechoka mara ya kumi na tano. Gegedu halipasuki kwa uzito wa siku moja, linapasuka kwa marudio yasiyo na pumziko. Isitoshe, njia nyingi katika kumbi zimepangwa kwa urefu wa watu wazima, na mtoto asiyefikia kishikio kikubwa analazimika kukanyaga na kubana vile vidogo vya katikati ambavyo mtu mrefu anavipita tu.

Ya pili huja na methali: samaki mkunje angali mbichi. Makocha wanaipenda sana. Mimi pia naipenda, maana inafaa kabisa, ila waangalie wanachokikunja. Kilicho kibichi kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12 ni ubongo na mishipa ya fahamu: namna ya kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, kugeuza nyonga iegemee ukuta, kusoma njia kabla ya kuigusa, kuanguka vizuri, kutulia woga unapopanda. Haya akiyapata mapema hayatoki tena. Nguvu ya vidole, kinyume chake, inaweza kujengwa katika miaka ya 17, ya 20, hata ya 30, na itakuja vilevile. Kukunja mfupa ungali mbichi ni kuupinda.

Ya tatu: mabingwa wote walianza utotoni. Wengi, ndiyo. Lakini kuanza kukwea utotoni si sawa na kuanza mazoezi ya vidole utotoni. Na si wote. Jakob Schubert wa Austria alianza akiwa na miaka 12, umri ambao timu nyingi leo zingemwona amechelewa. Amekuwa bingwa wa dunia wa kamba mara nne, kuanzia 2012 hadi 2023, na akapata shaba ya Olimpiki Tokyo na tena Paris, safari hii ya mwisho akiwa na miaka 33. Tunawaona waliofika, hatuwaoni waliovunjika njiani, kwa sababu aliyeacha mchezo akiwa na miaka 15 na kidole kilichopinda haandikwi popote.

Ya nne ndiyo nzito, na hutolewa na makocha wanaofikiri: mfupa hujengeka kwa kubebeshwa mzigo, na mtoto aliyelindwa kupita kiasi ataumia atakapofika 17 na kukutana na vishikio vidogo kwa mara ya kwanza. Nakubaliana na nusu ya hoja hii. Mzigo unahitajika. Lakini kukwea kwenyewe ni mzigo, mwingi na wa kila namna, na mtoto anayekwea njia nyingi za aina tofauti, kwa mshiko wa wazi usiokunja vidole sana na miguu ikifanya kazi, anaviandaa vidole vyake vizuri. Hoja hii haitetei kuruka ngazi za mbao kwa mikono miwili, wala kuning'inia na mizigo kiunoni, wakati anarefuka sentimita moja kila mwezi na nusu.

Kuhusu tepu inayozungushwa kwenye vidole nitasema kwa kifupi: haifiki kwenye gegedu. Na kuhusu woga wa wazazi wa kuanguka, una msingi wake, hasa kwenye boulda ambako vifundo vya miguu na viwiko huumia. Magodoro mazuri na mafunzo ya kuanguka ni ya lazima, na kamba ikaguliwe na watu wawili kila mara. Lakini mzazi anayekesha akiwaza kuanguka tu anaangalia upande mmoja.

La kufanya ni nini? Naanza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: futi ya kupimia iliyobandikwa ukutani. Kila mtoto aliye kati ya miaka 10 na 17 apimwe urefu kila mwezi, saa ileile, kwa kuwa mwili hupungua karibu sentimita moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Ipo fomula ya Mirwald ya mwaka 2002 inayokadiria mtoto yuko mbali kiasi gani na kilele cha ukuaji, na anayeweza kuitumia aitumie, lakini daftari la urefu peke yake linatosha kwa kazi ya kila siku. Kanuni yangu ni kwamba akirefuka sentimita 2 au zaidi katika miezi mitatu, mzigo wa vidole unapunguzwa mara moja: hakuna mbao zenye mwinamo mkali, siku za boulda ngumu zisizidi mbili kwa wiki na zisifuatane, na muda unaobaki uende kwenye njia ndefu za kamba, kuta zinazolala, mizani ya mwili na mchezo mwingine kabisa. Mizani ya kupima uzito isiwepo ukumbini, na kocha asiwe na ruhusa ya kuzungumzia uzito wa mtoto kwa namna yoyote. Ubao wa Campus ufungwe kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka uwe na angalau miezi miwili isiyo na mashindano wala maandalizi yake.

Wapanga njia nao wana kazi. Nimeona njia za mashindano ya watoto ambazo ugumu wake wote ni udogo wa vishikio, kwa sababu hiyo ndiyo namna rahisi ya kuwatenganisha washindani. Njia ya mtoto inaweza kuwa ngumu kwa mizani, kwa mpangilio wa miguu, kwa kujua lini utulie na lini uruke, huku vishikio vikibaki vya kutosha kiganja. Inahitaji ubunifu zaidi, na mashirikisho yawalipe wapanga njia kwa ubunifu huo. Mashirikisho yenyewe, kwa walio chini ya miaka 13, yaache kabisa ubingwa wa taifa wa boulda. Nalisema hili sasa kwa sababu Los Angeles 2028 boulda na kamba zitakuwa na medali zake tofauti, na najua kitakachofuata: timu zitaanza kuwagawa watoto wa miaka 12 kuwa wa boulda tu au wa kamba tu, na wa boulda watakuwa wanabana mwaka mzima.

Kwetu Afrika Mashariki mchezo huu bado mchanga kwa vijana, ingawa miamba tunayo na historia tunayo. Wanachama wa Mountain Club of Kenya wamekuwa wakikwea Lukenya na Hell's Gate kwa miongo mingi, Nairobi ina kuta za ndani, na Mwanza watoto wanazaliwa katikati ya mawe ya itale ambayo wakwezi wa Ulaya wangesafiri maelfu ya kilomita kuyafikia. Olimpiki ya Tokyo na ya Paris, nafasi zote za Afrika zilichukuliwa na Afrika Kusini: wawili mara ya kwanza, wanne mara ya pili. Siku si nyingi kutakuwa na shauku ya kumpata Mkenya au Mtanzania wa kwanza, na shauku hiyo italetewa vifaa vya msaada, vikiwemo vile vya Nuremberg. Ninawaomba wanaoanzisha timu hizi wasione aibu kuanza na kidogo. Mwamba wa Lukenya unafundisha miguu kuliko ubao wowote, na mtoto anayekwea nje Jumamosi mbili kwa mwezi na kucheza mpira siku nyingine anapata maandalizi ambayo wenzake wa Colorado wanayalipia fedha nyingi.

Kila timu, kubwa au ndogo, iwe na kanuni moja ya maumivu iliyoandikwa na kusomwa mbele ya wazazi. Kocha au mzazi abonyeze mgongo wa kifundo cha kati cha kila kidole mara moja kwa wiki. Pakiuma, au mtoto asipoweza kukunja kidole kikamilifu kama cha mkono wa pili, anaacha kukwea siku hiyohiyo, hata kama fainali ni kesho. Apelekwe kupigwa eksirei ya kidole hicho peke yake, kwa mbele na kwa ubavu, kwa sababu picha ya kiganja kizima huficha ufa. Hospitali ya wilaya au ya kaunti yenye mashine inaweza kufanya hivyo. Mwambieni daktari kwamba mtoto ni mkwezi na kwamba mnashuku gegedu la ukuaji, maana asipoambiwa ataandika kwamba kidole kimeteguka. Ikiwa picha ni safi lakini kidole bado kinauma baada ya wiki mbili za kupumzika, ombeni MRI pale inapopatikana; isipopatikana, mchukulieni kama aliyevunjika na mrudie eksirei. Ufa ukigunduliwa mapema, mapumziko ya wiki sita hadi kumi na mbili kwa kawaida hutosha, na muda huo wote anaweza kuendelea kuja mazoezini, kufanya kazi ya miguu na tumbo, kuwashikia wenzake kamba, na kusoma njia pamoja nao, ili asijione ametupwa nje ya timu kwa kosa la kusema ukweli.